Kutalii ni Kusoma: Miji ya Italia, Reli ya Muhoroni na Uandishi wa Safari katika Kiswahili

Utangulizi

Kuna safari moja inayojirudia katika insha za wanafunzi wa Kiswahili. Msafiri hupanda ndege pamoja na rafiki zake, hufika Roma, Venezia au Firenze, huona "majengo ya kupendeza yaliyogusa mawingu", hula "vyakula vya kila aina", kisha hurejea nyumbani akiwa na "furaha isiyo kifani". Ila ya insha ya namna hii si kwamba mwandishi wake hajawahi kufika Italia. Fasihi haimkatazi mtu kwenda kwa mawazo asikofika kwa miguu. Ila yake ni kwamba jina la Roma likifutwa na mahali pake pakaandikwa Tokyo au Dubai, hakuna sentensi hata moja itakayolazimika kubadilishwa. Msafiri amekwenda kila mahali na hakuona mahali popote.

Makala hii inanuia kuichunguza kasoro hiyo na kupendekeza njia ya kuirekebisha. Mahali pa kuanzia ni Muhoroni, mji wa miwa na reli ulio mashariki mwa Kaunti ya Kisumu. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa mujibu wa msamiati wa Kiswahili wenyewe, mtalii ni msomaji. Na asiyeweza kuusoma mji wa jirani hataweza kuusoma mji wa mbali, hata akilipiwa nauli.

Maneno manne ya mwendo

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kitendo cha mtu kuondoka kwao ili akaone kwingine. Manne kati ya hayo yanafaa kutofautishwa. Kusafiri ni kuondoka mahali hadi mahali. Neno hili huzingatia njia na umbali. Kuzuru ni kwenda kuonana na mtu, au kufika mahali penye heshima. Ndiyo maana watu huzuru wagonjwa na makaburi. Kutembea, neno la Kibantu, ni mwendo wa miguu, lakini pia ni ugeni wa muda: mtu "aliyetembea Kisumu" si lazima awe alikwenda kwa miguu. La nne ni kutalii.

Kitenzi talii kina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo kina uhusiano na kusoma na kudurusu. Katika Kiswahili kilibeba maana ya kuchunguza kabla hakijafungamana na biashara ya hoteli na mbuga za wanyama. Kwa mintarafu hiyo, mtalii aliyekusudiwa na lugha si mtu mwenye kamera shingoni, bali ni mtu anayelikabili jambo kama mwanafunzi anavyokikabili kitabu. Anasoma, anarudia asipoelewa, analinganisha ukurasa huu na ule, na anauliza ni nani aliyeandika.

Methali ya "Tembea uone" hunukuliwa mno katika insha za safari, lakini nusu yake ya pili husahauliwa. Kitenzi cha kwanza hakina thamani pasipo cha pili. Miguu inaweza kufika Roma na macho yakabaki nyumbani yamelala.

Italia iliyomo vitabuni

Si kweli kwamba miji ya Italia ni migeni katika Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili amekuwa akikutana nayo kwa muda mrefu, na inafaa ajue alikutana nayo kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni tafsiri ya Biblia. Katika tafsiri iliyoenea ya mwaka 1952, mji huo huitwa Rumi na watu wake Warumi, majina yaliyopokelewa kupitia Kiarabu. Jina Roma lilikuja kwa njia ya Ulaya. Majina mawili ya mji mmoja ni ushahidi wa milango miwili ambayo habari zake zilipitia. Aidha, sura ya 28 ya Matendo ya Mitume ni masimulizi ya safari kamili: chombo kinapita Sirakusa, kinafika Regio na Puteoli, kisha wasafiri wanaelekea Rumi kwa nchi kavu na kulakiwa njiani na ndugu waliotoka mjini. Msimulizi anatumia nafsi ya kwanza wingi, na shujaa wake ni mfungwa. Kila kituo kina jina, na baina ya vituo zimetajwa siku na upepo. Hayo ni masimulizi ya msafiri aliyekuwa macho.

Njia ya pili ni tamthilia. Julius Nyerere alitafsiri kazi mbili za Shakespeare ambazo matukio yake yako Italia. Ya kwanza ilitoka mwaka 1963, ikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969. Jina la kazi hii ya pili limewashughulisha wahakiki wengi. Jina la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja. La Kiswahili linawataja wengi, na linawaita mabepari. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, lilikuwa na maana ya mchuuzi au mfanyabiashara, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Hivyo basi, Venezia iliyomfikia mwanafunzi wa Kiswahili ilikuwa Venezia iliyotazamwa kutoka Dar es Salaam.

Inafaa kutanabahi kwamba hakuna ushahidi unaoonyesha kuwa Shakespeare mwenyewe aliwahi kufika Italia. Alichokuwa nacho ni vitabu vya wengine, pamoja na mji wa London uliojaa wafanyabiashara, mikopo na kesi. Aliujua mji mmoja wa biashara kwa undani, akautumia kuusoma mwingine. Hili ndilo funzo ambalo mwandishi wa insha hulikosa: maarifa ya kwao si kizuizi cha kuiandika Venezia, bali ndiyo mtaji wake.

Kitabu cha mwaka 1901

Mwaka 1901, Mjerumani Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko wa masimulizi ya wasafiri wa Pwani uitwao Safari za Wasuaheli. Wawili kati ya wasafiri hao wanahusiana moja kwa moja na hoja ya makala hii. Selim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, alisafiri mwaka 1896 katika msafara wa Mjerumani aliyekuwa mwajiri wake, naye akasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alisimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, nchi zilizo jirani na Bagamoyo.

Siberia na Uzigua zimewekwa katika jalada moja. Msafiri wa kwanza alivuka bara zima. Wa pili alikwenda kwa majirani. Hata hivyo, Mtoro hakuhesabiwa kuwa msafiri mdogo kwa sababu hakuiona theluji. Msomaji anayetafuta mila, bidhaa na mahusiano ya watu wa bara karibu na Pwani katika miaka hiyo humrejea Mtoro, naye hupata. Katika utanzu huu, basi, ukubwa wa safari haupimwi kwa umbali. Hupimwa kwa kiasi cha mambo yaliyosomwa na kuwekwa wazi kwa msomaji ambaye hakuwapo.

Selim naye alikabiliwa na tatizo ambalo kila mwandishi wa safari za mbali hulikuta: kuvitaja kwa Kiswahili vitu ambavyo Waswahili hawakuwa na haja ya kuvitaja kabla. Nyenzo aliyokuwa nayo ni lugha ya nyumbani. Msafiri asiyekuwa na maneno ya nyumbani huishia kusema "cha ajabu" na "kisichoelezeka", na hapo huwa ameungama kwamba hakusoma.

Mfano: siku mbili za marafiki wanne

Mwaka huohuo wa 1901, mwezi Desemba, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Jina hilo huhusishwa katika masimulizi ya reli na Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa mataruma na vyuma. Halihusiani na mji wa Italia ambao Waingereza huuita Florence na wenyeji wake huuita Firenze. Lakini mfanano huo wa majina una faida kwa mwalimu: mwanafunzi wa Muhoroni anayetamani kuiona Florence ana moja iliyo karibu ambayo huenda hajaisoma.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya mfano, kwamba marafiki wanne wa Muhoroni, wanafunzi wa Kiswahili, wametenga siku mbili za likizo ili kutalii. Wanaanza kwa kuelekea mashariki, Fort Ternan. Huko, mapema katika miaka ya 1960, Louis Leakey alipata mabaki ya mnyama wa jamii ya masokwe katika shamba la Fred Wicker, akayaita Kenyapithecus wickeri. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 14. Msafiri anayekwenda Ulaya "kuona vitu vya kale" anafaa kujua kwamba ameviacha vya kale zaidi nyuma ya nyumba yao.

Kisha wanaifuata njia ya reli kuelekea magharibi: Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, Kisumu. Hapa mwanaisimu miongoni mwao anasimama kwenye jina Miwani. Umbo la neno hili linaruhusu uchanganuzi wa namna mbili. Kwanza, ni nomino inayotaja vioo vya kuvaa machoni. Pili, ni miwa pamoja na kiambishi cha mahali -ni, yaani mahali penye miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922 na mashamba ya miwa yamekizunguka. Uchanganuzi wa pili unavutia sana. Lakini mtalii makini hutofautisha kati ya kile ambacho umbo la neno linaruhusu na kile ambacho historia imethibitisha. Kabla ya kuandika kwamba jina lilitokana na miwa, anawauliza wazee wa hapo. Kuuliza huko ni sehemu ya kutalii.

Reli yenyewe nayo ni maandishi. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na wapatao 2,500 walifariki. Vivyo hivyo viwanda: cha Muhoroni kilianza katika miaka ya 1960, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2001, na mwaka 2025 kilikuwa miongoni mwa viwanda vinne vya umma vya sukari ambavyo serikali ilivikodisha kwa kampuni binafsi. Mwanafunzi ambaye karo yake ililipwa kwa miwa anaweza kulisoma bomba la moshi la kiwanda kwa namna ambayo mgeni hawezi: likitoa moshi, lina maana; lisipotoa, lina maana nyingine.

Mjini Kisumu wanafika kwenye Mnara wa Saa uliozinduliwa mwaka 1938. Mwanafunzi wa insha za kawaida ataandika: "Mnara ule ulikuwa mrefu na wa kuvutia ghaya ya kuvutia." Mtalii ataandika: "Mnara huu ulijengwa kwa kumkumbuka Kassim Lakha, mfanyabiashara aliyetoka Bara Hindi, kwa hiyo anayeinua macho kutafuta saa hukutana pia na historia ya ukoo uliofuata njia ya biashara hadi ziwani." Sentensi ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye mnara wowote duniani. Ya pili ina mnara mmoja tu.

Katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, kuna boma la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala. Katika boma la namna hiyo, nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, ndiyo inayotazama lango. Anayeelewa mpangilio huo ataelewa pia kwa nini mawe makubwa yaliyobebana huko Seme, magharibi mwa Kisumu, yanaitwa Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Pasipo boma, mawe ni mawe.

Kuisoma Italia kwa vipimo vya nyumbani

Marafiki hao wanne, iwapo siku moja watafika Italia, watafika na nini? Watafika na maswali. Venezia ina mnara wa saa katika uwanja wa San Marco, uliozinduliwa mwaka 1499. Saa yake huonyesha pia mwezi na nyota za falaki, na juu yake sanamu mbili za shaba hugonga kengele. Aliyeusoma mnara wa Kisumu atauliza papo hapo: nani alilipa, na alitaka wapita njia wakumbuke nini? Venezia ilikuwa dola ya mabaharia na wafanyabiashara, na kwao majira ya nyota na mwezi hayakuwa mapambo tu.

Firenze ina kuba la kanisa kuu ambalo Filippo Brunelleschi alilijenga kuanzia 1420 hadi 1436, bila ya ile jukwaa kubwa ya mbao ambayo kwa kawaida hushikilia tao mpaka likauke. Matofali yalipangwa kwa mtindo wa kuegemeana ili kila safu ijishikilie. Kijana wa Muhoroni aliyewahi kumtazama fundi akipanga matofali ya tao la dirisha anajua kwamba kazi ngumu ni kabla ya tofali la mwisho kuingia. Akilitaja hilo, msomaji wake wa nyumbani ataelewa ukubwa wa jambo lililofanyika Firenze kuliko akiambiwa kwamba kuba hilo "linashangaza".

Roma ina Koloseo, uwanja uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo. Umbo lake ni la duaradufu, na urefu wake ni takriban mita 188. Mwanafunzi aliyeuona uwanja wa Mamboleo, palipofanyika sherehe za Madaraka mwaka 2021, ana kipimo: uwanja wa kandanda una urefu wa mita 100 na ushei. Tofauti iko katika kilichotazamwa. Watu waliketi katika ngazi zile kutazama watu wakiuawa, na msomaji wa historia ya reli hatauliza tu ni mawe mangapi yaliyotumika, bali pia ni mikono ya nani iliyoyabeba.

Mfano wa mwisho ndio mzito zaidi. Mwezi Novemba 2019 maji ya bahari yalipanda Venezia hadi sentimita 187 juu ya kipimo cha kawaida, yakaingia madukani na makanisani. Mwezi Oktoba 2020 malango ya chuma yaliyojengwa kwenye milango ya wangwa yalitumika kwa mara ya kwanza kuyazuia maji. Katika nyanda za Kano, chini ya Muhoroni, mto Nyando hufurika na kuhamisha watu; ulifanya hivyo tena mwaka 2020 na mwaka 2024. Mtalii wa kawaida huipiga picha alama ya maji kwenye ukuta wa Venezia kwa sababu inapendeza. Anayetoka Kano huiangalia alama hiyo akajua urefu wa kitanda kilicholowa. Ataandika juu ya Venezia jambo ambalo wageni wengi hawaliandiki, na atarejea akiuliza kwa nini maji ya huku hayana malango.

Rafiki wa safari

Insha nyingi hutaja marafiki katika sentensi ya kwanza kisha huwasahau. Ilhali rafiki ni chombo cha usomaji. Muhoroni iko karibu na mipaka ya kaunti kadhaa. Hukutanisha wasemaji wa Dholuo, Kinandi, Kikipsigis na Kiluhya, na marafiki wa huko huelewana kwa Kiswahili. Wanne wakisimama mbele ya kitu kimoja, kila mmoja huleta jina lake na shaka yake, na Kiswahili ndicho uwanja wa mabishano hayo. Mwandishi anayeyahifadhi mabishano, badala ya kuandika "sote tulifurahi", humpa msomaji macho manane badala ya mawili.

Aidha, kutaja marafiki ni kutaja pia waliobaki. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya nchi za Schengen, Italia ikiwemo, ni yuro 90 kwa mtu mzima, na mwombaji akikataliwa harudishiwi. Kundi la wanne linaweza kupewa viza tatu. Insha za safari hazilizungumzii jambo hili, ingawa kwa Mkenya safari ya Italia huanzia hapo, wala haianzii uwanja wa ndege. Mwandishi mkweli ataanza na foleni hiyo.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa insha za safari hautokani na ufukara wa kusafiri, bali unatokana na kutosoma. Neno kutalii lenyewe linaagiza uchunguzi. Mkusanyiko wa mwaka 1901 unathibitisha kwamba safari ya jirani na safari ya mbali zina hadhi moja kwa mwandishi aliye macho. Mfano wa Muhoroni nao umedhihirisha kwamba miwa, reli, boma na mafuriko ni vipimo vinavyoweza kubebwa hadi Roma, Firenze na Venezia bila kulipiwa uzito wa mizigo. Walimu wa Kiswahili wanashauriwa kuwapa wanafunzi safari ya kilomita kumi kabla ya kuwapa safari ya bara jingine. Anayekwenda Italia akiwa ameisoma Kibigori hatarudi na mawingu yaliyoguswa na majengo. Atarudi na majengo yenyewe.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha kuzuru na kutalii kwa kutumia mahali pamoja palepale unapopafahamu.

2. Chagua sentensi tano kutoka insha yoyote ya safari. Badilisha jina la mahali. Ni sentensi ngapi zimekataa kuhama?

3. Chunguza umbo la jina la kituo kimoja cha reli kilicho karibu nawe. Eleza kinachoruhusiwa na sarufi, kisha eleza kilichothibitishwa na wenyeji.

4. "Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya mji kabla ya kuwa tafsiri ya tamthilia." Jadili.